Picha kwenye simu na mtoto anayejifunza kwa macho: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja. Wazazi na walimu wamesikia kwamba mtoto mwenye usonji, sindromu ya Down au mtindio wa ubongo mara nyingi hushika haraka anachokiona kuliko anachoambiwa. Wamechukua simu au kishikwambi, wamejaza picha, kisha wamekwama. Tukizisoma barua zenyewe, mkwamo karibu kila mara una chanzo kimoja: picha ipo kwenye kioo lakini haijafungamanishwa na jambo linalotokea kweli. Kwa mtoto mdogo picha ni ahadi. Ukimwonyesha mpira, mpira uje. Tunaanza na barua iliyoeleza tatizo hilo wazi kuliko zote.

Mwanangu ana miaka minne na ana usonji. Nimepiga picha arobaini za vitu vya nyumbani nikazipanga kwenye simu. Anazipenda, lakini anazipitisha tu kwa kidole moja baada ya nyingine. Nikimwonyesha picha ya beseni na kumwambia "tukaoge", anapiga kelele na kujitupa chini. Nimekosea wapi? (Mama, Tanga)

Mama, kupiga picha hukukosea. Umezidisha idadi, na umeruka hatua moja: kujua kama mtoto anatambua kwamba picha bapa inasimama badala ya kitu chenyewe. Wapo watoto wa miaka minne, tena wachangamfu, ambao kwao picha ni rangi nzuri tu.

Mpime hivi. Weka mbele yake vitu viwili anavyovijua, kikombe chake na kiatu chake, vikiachana kiasi cha sentimita 30. Mwonyeshe kwenye simu picha ya kimoja, sema "Nipe hiki", kisha nyamaza usubiri. Rudia mara 10, ukivibadilisha kushoto na kulia bila mpangilio ili asizoee upande mmoja. Akipatia mara 8 au zaidi, picha zinamfaa. Akipatia 5 au 6 anabahatisha, maana hata aliyefumba macho angepata nusu. Huyo apewe kwanza kitu chenyewe mkononi: kopo la kuogea liashirie kuoga, kikombe kiashirie uji. Siku zikipita, mpe kopo pamoja na picha yake, kisha kopo liondoke na picha ibaki. Kutoka picha ya kamera unaweza kuja kwenye mchoro wa rangi, halafu mchoro wa mistari, halafu neno lililoandikwa. Usikimbilie michoro kwa sababu inapendeza kwenye kioo. Mchoro wa choo cha kukaa haumwambii chochote mtoto anayetumia choo cha shimo.

Kama picha zinamfaa, bakisha nne tu na uzipige upya. Tandika shuka la rangi moja, si khanga, kwa sababu maua na maandishi ya khanga yatamvuta kuliko kitu. Kaa karibu na mlango mchana, bila mwanga wa kamera. Kitu kijaze robo tatu ya picha, kionekane kutoka pale anapokiona yeye kila siku, na kiwe kile kile anachokitumia. Asionekane mtu. Ukijipiga picha unamimina uji, kuna mtoto atakayeangalia bangili zako mwaka mzima.

Sasa kelele za beseni. Picha ile inamwambia anaachishwa anachokifanya na kupelekwa majini. Haimwambii kuoga kutaisha wala nini kitafuata. Ndiyo maana hatuanzi na picha moja moja, tunaanza na ubao wa "Kwanza–Kisha". Fungua programu yoyote ya kutengenezea slaidi, chora miraba miwili mikubwa, kushoto andika "Kwanza", kulia "Kisha", weka picha moja katika kila mraba, kisha uhifadhi kama picha ya kawaida. Kushoto kuoga, kulia mpira.

Wiki ya kwanza usiguse kuoga kabisa. Weka "Kwanza" kitu chepesi cha chini ya dakika moja, kama kuvaa ndala. Chuchumaa hadi macho yenu yalingane, shika simu sentimita 30 hadi 40 kutoka usoni pake, gusa mraba wa kwanza na useme maneno mawili tu: "Kwanza ndala." Gusa wa pili: "Kisha mpira." Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema tena, kwa sababu wengi wa watoto hawa huchukua sekunde kadhaa kuyaunganisha maneno na picha, na ukirudia mapema unamwanzisha upya. Ndala zikishavaliwa, rudi kwenye ubao, funika mraba wa kwanza kwa kiganja, sema "Ndala, tayari", na mpira uwe mkononi mwake papo hapo. Si baada ya kupokea simu ya shangazi. Siku ubao ukimdanganya mara mbili tatu, unakuwa picha nyingine ya kupitisha kwa kidole.

Ubao ukishaaminika, ingiza kuoga, na siku za mwanzo kuwe ni kumwagiwa makopo matatu tu, basi. Makopo yaongezeke polepole.

Kosa jingine linalorudi katika barua nyingi ni kutumia simu ile ile ya katuni. Kioo kikiwaka, mtoto anadai katuni, na ana haki, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea ya kioo kile. Tafuta simu ya zamani isiyo na laini wala intaneti, iwe ya picha hizi peke yake. Ikiwa mna simu moja tu, ifunge kwenye ukurasa mmoja. Kwenye Android kuanzia toleo la 5.0 ipo huduma ya kubandika programu kwenye kioo, chini ya mipangilio ya usalama. Kwenye iPhone na iPad ni Guided Access, ndani ya mipangilio ya ufikivu, ambayo ikishawekwa huwashwa kwa kubonyeza kitufe cha pembeni au cha mwanzo mara tatu. Zote mbili ziwekee namba ya siri, na zima taarifa za ujumbe.

Binti yangu ana sindromu ya Down, miaka mitano, maneno yake hayafiki kumi. Tumeweka programu ya kuzungumza kwa vibonye vya picha, lakini ikibonyezwa inasema "I want" na "water". Nimetafsiri, sasa inasema "mimi kutaka maji". Pia bibi yake anasema tukimzoesha mashine hatazungumza kamwe. (Baba, Nakuru)

Tuanze na hofu ya bibi, maana ni hofu ya mapenzi na inastahili jibu. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa picha, ishara au mashine za kuzungumzia. Katika visa 27 vyenye ushahidi madhubuti, hakuna hata mmoja aliyepunguza usemi kwa sababu hiyo, na katika asilimia 89 usemi uliongezeka, ingawa mara nyingi kwa kiasi kidogo. Kibonye hakimnyang'anyi mtoto sauti. Kinampa jibu haraka, na mtoto anayejibiwa huendelea kujaribu, kwa mdomo pia.

Tatizo la "mimi kutaka maji" ni kubwa zaidi, na tunashangaa halizungumzwi vya kutosha. Programu nyingi za aina hii zimejengwa kwa lugha ambayo kila neno linasimama peke yake: mtendaji kibonye kimoja, kitendo kibonye kingine. Kiswahili hakiendi hivyo. Katika "nataka" yumo mtendaji, umo wakati, kimo kitendo, vyote katika neno moja. Ukilikatakata unamfundisha binti yako lugha isiyo ya mtu yeyote, na hataisikia ikitumika nyumbani hata siku moja. Kwa hiyo usitafsiri vibonye. Vifute, uandike upya neno zima kama linavyotamkwa.

Kwa kuanzia tunapendekeza vibonye tisa, mistari mitatu ya vitatu: Nataka, Sitaki, Tena, Nisaidie, Twende, Basi, Tazama, Bado, Naumia. Angalia tulivyochagua. "Tena", "basi" na "bado" hazibadiliki kwa ngeli, hivyo mtoto anaweza kuzitumia kwa uji, mpira, gari na wimbo bila kukosea. "Kingine", "nyingine" na "lingine" ziache kwa sasa, na "changu", "yangu" na "langu" vilevile. "Bado" ni neno la thamani kwa Mswahili: linamwezesha mtoto kukataa kuondolewa sahani bila kupiga kelele. Majina ya vitu yawe kwenye ukurasa wa pili, manane hadi kumi na mawili, ya vitu anavyovipenda yeye. Makosa ya kawaida ni kujaza ukurasa kwa rangi, maumbo na wanyama, halafu mtoto ana "twiga" lakini hana "sitaki".

Jambo ambalo wengi huliharibu bila kujua ni mahali pa kibonye. Kidole hukariri njia kama mguu unavyokariri njia ya kisimani. Ukianza na vibonye vinne vikubwa, halafu mwezi ujao ukaweka tisa vidogo, umehamisha kila kitu na binti anaanza upya. Jenga tangu leo ukurasa wa tisa, onyesha vinne, vile vitano vingine viwe vyeusi mahali pake. Unavifungua kimoja kimoja bila kusogeza chochote.

Sauti: ukitumia ya mashine, hakikisha katika mipangilio ya usomaji wa maandishi umechagua Kiswahili, la sivyo sauti ya Kiingereza itasoma "ng'ombe" na "nyanya" kwa namna ambayo hataitambua. Bora zaidi ni kurekodi sauti ya mtoto wa kike wa rika lake, binamu au jirani, katika chumba tulivu, simu ikiwa kama sentimita 20 kutoka mdomoni. Binti wa miaka mitano hapaswi kuzungumza kwa sauti ya baba yake. Programu ya Cboard, ambayo ni ya bure na hufunguka kwenye kivinjari, inakuruhusu kuandika vibonye vyako mwenyewe. Michoro unaweza kuichukua ARASAAC, hazina ya serikali ya jimbo la Aragon huko Hispania, inayotolewa bure kwa sharti la kutaja chanzo na kutoiuza.

Halafu, baba, bonyeza wewe. Mkila, bonyeza "tena" unapoongeza mboga, "basi" unaposukuma sahani, mara tano hadi kumi katika mlo mmoja, ukisema neno lenyewe kwa mdomo. Usimshike kidole. Usimwambie "sema nataka ndipo nikupe". Mtoto mwingine husikia neno mara elfu kabla ya kulisema. Kibonye nacho hakiwezi kueleweka kwa kuonyeshwa mara tatu.

Darasa langu la awali lina watoto 62. Watatu wana ulemavu: mmoja usonji, wawili ulemavu wa akili. Shule ina kishikwambi kimoja. Nifanyeje? (Mwalimu, Kibaha)

Mwalimu, kishikwambi kimoja kwa watoto 62 ni kifaa cha kutengenezea, si cha kushikwa. Kioo cha inchi 10 huonekana vizuri kwa watoto watano au sita waliokaa karibu. Kukiinua mbele ya darasa zima ni kupoteza chaji. Kitumie kupiga picha, kuzipanga na kuzipeleka kwa mchapaji, na kuonyesha video fupi kwa vikundi.

Kadi ya sentimita 4.5 kwa 4.5 inatosha. Karatasi ya A4 hubeba nne kwa upana na sita kwa urefu, yaani kadi 24. Ukizifanya sentimita 5 zitaingia 20 tu, na mashine nyingi zitakata ukingo. Zitie laminesheni. Nyuma ya kadi bandika upande laini wa velkro, kwenye ubao upande wa kukwaruza, na iwe hivyo kwa kila kadi ya shule nzima, maana zikichanganyika hazishiki. Kadi za laminesheni hung'aa, basi usitundike ubao mkabala na dirisha, mtoto ataona mwanga mweupe tu.

Tengeneza ratiba moja ya darasa zima, kadi sita au saba kutoka juu kwenda chini, kwenye kimo cha macho ya mtoto aliyesimama, ambacho kwa wa miaka mitano ni karibu mita moja kutoka sakafuni. Itawafaa wote 62. Wale watatu kila mmoja awe na ukanda wake mdogo wa kadi tatu mezani. Shughuli ikiisha mtoto mwenyewe abandue kadi aitie kwenye boksi la "Tayari". Usimbandulie. Kitendo kile cha mkono ndicho kinachomwambia kwamba jambo limekwisha. Anapohama kutoka meza moja kwenda nyingine, aende na kadi ya anakokwenda, akaibandike kule, kwa sababu wengi husahau njiani walikokuwa wanaelekea, na hapo ndipo kusukumana kunapoanza.

Ratiba zitavunjika: mvua, mgeni kutoka wilayani, chakula kuchelewa. Andaa kadi ya "Mabadiliko" yenye rangi ya pekee. Uifundishe kwanza kwa mabadiliko matamu: ondoa kadi ya kuandika, weka "Mabadiliko" na picha ya bembea. Fanya hivyo mara kadhaa kabla hujaitumia kwa mabadiliko machungu. Ukianza na machungu, atakuwa anaiogopa kadi yenyewe.

Tunataka kuwafundisha watoto kunawa mikono kwa video. Tulitengeneza ya dakika nne, yenye muziki. Wanacheka, hawanawi. (Mlezi wa kituo, Mbeya)

Dakika nne ni sinema. Video ya mfano iwe na sekunde 40 hadi 60, kazi moja tu, bila muziki.

Kabla ya kupiga, nawa mwenyewe na uandike kila kitendo. Kwenye kibuyu chirizi tunapata nane: kanyaga kijiti, lowesha mikono, achia, chukua sabuni, sugua viganja, sugua migongo na kati ya vidole, kanyaga tena usuuze, kung'uta. Kukanyaga huku mikono ikifanya kazi ni mambo mawili kwa wakati mmoja, na mtoto mwenye udhaifu wa mwili ataanguka hapo. Kwa siku za mwanzo mkubwa ndiye akanyage, na video ionyeshe hivyo hivyo. Kusugua kufike sekunde 20. Usikuharakishe kwenye video kwa kuogopa urefu, bora upunguze kwingine.

Simu ishikwe kwa upana, si wima. Piga kutoka nyuma ya bega la anayenawa, ionekane mikono tu kama mtu anavyoiona ya kwake. Tumia kibuyu kile kile na sabuni ile ile ya kituoni. Kila kitendo kipewe neno moja au mawili. Asiwepo anayepita nyuma, wala anayenawa asijikune pua kabla ya kuanza, kwa kuwa wapo watakaoanza kwa kujikuna pua na kukamilisha hayo mengine yote kwa usahihi.

Ionyesheni hapo hapo kwenye kibuyu, mara mbili mfululizo, kisha kunawa kufuate mara moja. Video inayoonyeshwa asubuhi kwa kazi ya mchana haifundishi mtoto mdogo. Msimsemeshe akiwa anatazama. Mtoto akirudia maneno ya video bila kutenda, zimeni sauti. Akishafanya vitendo sita kati ya nane kwa siku tatu mfululizo, isimamisheni video kabla ya mwisho, kila siku mapema kidogo, mpaka abaki na picha moja ya sabuni. Ambaye hawezi kuiga hata ukipiga meza mara mbili mbele yake, video bado si yake. Anahitaji michezo ya kuigana kwanza, ana kwa ana.

Mtoto wangu wa miaka mitatu ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hospitali wamesema macho yake ni mazima, lakini picha hazitazami kabisa. Anageuza uso. (Mama, Mwanza)

Macho yakiwa mazima, njia ya kuonea ndani ya ubongo inaweza kuwa imeumia. Hali hii ni ya kawaida kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, na kipimo cha macho peke yake hakiionyeshi. Mwombe daktari wa watoto au wa macho aulizie hasa jambo hilo. Kugeuza uso nako si lazima kuwe kukataa. Baadhi hutazama kwa pembeni, na wengi huangalia kwanza, hugeuka, ndipo wananyoosha mkono.

Kioo kinachotoa mwanga kinaweza kuwasaidia kuliko karatasi, ukikitumia kwa kiasi. Weka kitu kimoja katikati ya weusi mtupu: kikombe chekundu au cha njano, kilichopigwa picha juu ya kitambaa cheusi na kukatwa ukingo. Punguza mwanga wa chumba, zima redio. Mkalishe nyonga na magoti vikiwa vimepinda vizuri na kichwa kimeegemezwa, kwa sababu mtoto anayepigana na shingo yake hana nguvu iliyobaki ya kutazama. Sogeza simu taratibu upande mmoja kisha mwingine, uone ni upande gani anaupokea, halafu kaa upande huo. Kisha subiri sekunde 10 hadi 15, kimya. Sauti yako humvunja kutazama, na hili ni gumu kwa mama anayetaka kumtia moyo. Msemeshe baada ya kutazama.

Kwa sababu ya kifafa, usitumie programu wala katuni yoyote inayomulikamulika zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Akiduwaa ghafla, kope zikicheza, ondoa kioo, andika saa na kilichokuwa kikionekana, umpelekee daktari.

Akianza kugusa kioo na vidole vikaangukia kila mahali, nenda mipangilio ya ufikivu uongeze muda wa kugusa hadi nusu sekunde au zaidi, ili miguso ya kupita isihesabiwe. Kipande cha plastiki ngumu kilichotobolewa mashimo mawili juu ya vibonye viwili, kikafungwa kwa selotepu kwenye kava, humwezesha kuegemeza mkono bila kubonyeza.

Mpwa wangu ni kiziwi, ana miaka mitatu. Picha zinatosha hadi aanze shule? (Shangazi, Kisauni)

Hazitoshi, shangazi. Picha haiulizi, haikanushi, haisemi "jana". Mtoto kiziwi anahitaji lugha kamili sasa hivi, na hiyo ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua hata kuwa lugha rasmi ya Bunge. Simu ikusaidie wewe kujifunza. Mwombe kiziwi mtu mzima anayeifahamu lugha hiyo akurekodie ishara kumi za wiki hii, kila moja sekunde tano, kuanzia kichwa hadi kiunoni, mwanga ukimpiga usoni, ukuta wa nyuma ukiwa wa rangi moja inayotofautiana na ngozi yake. Uso uonekane, maana nyusi na mdomo ni sehemu ya neno. Mtoto aone kitu, kisha ishara, kisha kitu tena.

Muda gani kwa siku usizidi? (Mzazi, Morogoro)

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hakuna kioo kabisa, wala kwa wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku ya kukaa ukitazama, na pungufu ni bora. Kuchungulia ubao wa Kwanza–Kisha kwa sekunde kumi si kukaa kutazama. Kibonye cha kuzungumzia hakihesabiwi pia: usimnyang'anye mtoto sauti yake kwa sababu "muda wa simu umeisha".

Shule ilituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi picha za ratiba ya choo, mwanangu akionekana. Nina haki ya kulalamika? (Mama, Nairobi)

Unayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Andikia shule, waifute na wakujibu kwa maandishi. Nanyi walimu, kwa kuoga na choo tumieni mchoro au mwanasesere, kamwe si mwili wa mtoto. Zimeni pia alama ya mahali kwenye kamera, kwa kuwa picha hubeba ilipopigwa.

Umeme kwetu hukatika hata siku mbili. Chaji ikiisha mtoto anapoteza kila kitu. (Bibi, Kigoma)

Bibi, shikamoo. Pawabanki iliyoandikwa mAh 10,000 hutoa kama 6,000 zinazofika kwenye simu, nyingine hupotea kama joto na katika kubadili nguvu ya umeme. Simu ya mAh 4,000 utaijaza mara moja na nusu. Weka hali ya ndegeni na upunguze mwanga wa kioo hadi nusu, chaji itakaa sana. Lakini kila ukurasa anaoutumia, hasa ule wa vibonye tisa, upige picha ya kioo, uuchapishe kwa ukubwa na mpangilio ule ule, utiwe laminesheni na kufungwa kamba. Kimoja kikae msumarini karibu na mlango, kwenye kimo chake, kimoja kwenye mkoba wa anayetoka naye. Akigusa "Tena" kwenye karatasi, mtu aliye karibu aseme "Tena" kwa sauti na kumpa.